Kikao Jumapili: vibarua wote wa kiwandani

Habari zenu watu wangu, Jumapili saa nane mchana tunakutana hapa Nakuru pale pa kawaida, kila mtu akuje na pesilipu na kama hupewi basi leta meseji za M-Pesa za mshahara. Hiyo stori ya supavaiza ati kibarua ni kibarua milele msiiskize, Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 inasema ukifanya kazi mfululizo hadi mwezi uishe unahesabiwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na kufutwa ni notisi ya siku 28, si kuambiwa getini. Kujiunga na chama cha wafanyakazi pia ni haki, Katiba kifungu cha 41. Na msifowadi hii, ya juzi ilifika ofisini kabla ya chai!