Kijiji cha mababu wa Kichina hakisomeki kwenye mate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu makala mliyoichapa juu ya watu wa asili ya Kichina waishio ng'ambo na wanaotafuta vijiji vya mababu zao. Makala ilikuwa nzuri, na methali iliyoifungua, mwacha asili ni mtumwa, ilikaa mahali pake. Tatizo ni kwamba mwandishi aliwaacha wasomaji na imani kuwa anayetaka kujua kwao China atume mate yake maabara yapimwe vinasaba (DNA), alipe, kisha asubiri majibu. Kazi yangu ni kufasiri nyaraka za Kichina, na kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakiniletea makaratasi ya babu zao. Sijamwona hata mmoja aliyefika kwenye jumba la ukoo wake kwa njia hiyo. Kipimo cha vinasaba kinaweza kumwambia mtu kuwa asili yake ni kusini mwa China, jambo ambalo bibi yake alikwisha kumwambia bure, na pengine kikampatia binamu wa mbali anayetafuta vilevile kama yeye. Jina la kijiji hakilijui. Hilo limo katika maandishi, tena maandishi ya Kichina chenyewe.

Nasisitiza Kichina kwa sababu majina yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini aghalabu hupoteza watu njia. Ukoo ule ule huandikwa Chen kwa Kimandarini, Chan kwa Kikantoni, Tan kwa Kihokkien na Chin kwa Kihakka, kutegemea lahaja ya msafiri na masikio ya karani aliyempokea bandarini. Kwa upande mwingine, watu wawili waitwao Wong huenda hawana undugu wowote, kwa kuwa Kikantoni hutamka sawasawa majina mawili ya koo tofauti ambayo kwa Kimandarini ni Wang na Huang. Juu ya hayo, Mchina hutanguliza jina la ukoo, na makarani wengi wa kigeni, wasilijue hilo, waliandika la mwisho kana kwamba ndilo la ukoo. Marehemu Rais Corazon Aquino wa Ufilipino alizaliwa katika familia ya Cojuangco, na mwaka 1988 alizuru kijiji cha Hongjian mkoani Fujian, alikotoka baba wa babu yake. Lakini Hongjian hakuna ukoo wa Cojuangco, kuna ukoo wa Xu, ambao kwa Kihokkien hutamkwa Kho. Cojuangco ni jina zima la mzee yule, pamoja na neno la heshima la kumwita kaka, vikaunganishwa na kuwa jina moja la Kifilipino.

Ndiyo maana nikiletewa kazi ya namna hii huuliza kwanza kaburi liko wapi. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Morisi, alikuwa na pasipoti yenye jina ambalo hakuna Mchina angelitambua kuwa ni la ukoo, na katika familia yao hakubaki mtu anayesoma Kichina. Nilimwomba picha ya jiwe la kaburi la babu yake. Ya kwanza ilipigwa saa sita mchana na haikuonyesha chochote ila weupe. Nikamwambia ndugu zake walimwagie jiwe maji safi, wasilisugue kwa brashi ya waya, kisha wapige picha asubuhi mapema, jua likilipiga kwa ubavuni ili kila mchongo utoe kivuli. Picha ya pili ilisomeka. Safu ya katikati ilikuwa na jina kamili, likianza na la ukoo, yaani jina ambalo familia ilikuwa haijalitumia kwa vizazi viwili. Kushoto palikuwa na tarehe ya kufa, mwaka wa 22 wa Jamhuri ya China, ambao ukiujumlisha na 1911 unapata 1933. Safu ya kulia ndiyo iliyonifanya nisimame: ilitaja Jiaying, jina ambalo mtu akilitafuta kwenye ramani za leo hatalipata pale, kwa kuwa ni jina la enzi ya Qing, ufalme uliotangulia Jamhuri, la eneo la Meixian, mkoani Guangdong, walikotoka Wahakka wengi wa Morisi. Chini yake lilifuata jina la kijiji, herufi mbili.

Mitego ya aina hiyo ni mingi. Wilaya ya Taishan, iliyopeleka watu wengi sana Marekani, iliitwa Xinning hadi mwaka 1914. Zhongshan ilikuwa Xiangshan hadi 1925, ilipobadilishwa jina kwa heshima ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri, ambaye Wachina humwita Sun Zhongshan na aliyekuwa amefariki mwaka huo. Anayeshika jina la zamani mkononi na ramani mpya mezani atadhani familia yake ilitunga.

Kwa waliokwenda Marekani kuna hazina ambayo makala yenu haikuigusa kabisa. Sheria ya mwaka 1882 ya kuwazuia Wachina, iliyofutwa mwaka 1943, iliwafanya maofisa wa uhamiaji wawahoji wageni kwa saa nyingi: nyumba yenu ni ya ngapi katika safu, kisima kiko upande gani, jirani wa kushoto ana watoto wangapi. Mahojiano hayo, mengine yakiwa na michoro ya kijiji, yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za nchi hiyo, likiwamo tawi la San Bruno huko California. Ukatili wa sheria ile umewaachia wajukuu maelezo ya kijiji ambayo hakuna babu angeketi kuyaandika kwa hiari. Hata hivyo yasomwe kwa tahadhari. Baada ya tetemeko na moto wa San Francisco wa mwaka 1906 kuteketeza kumbukumbu za waliozaliwa, Wachina wengi waliweza kudai kuwa ni raia wazaliwa wa Marekani, na vijana wengi waliingia kama wana wa karatasi, yaani walilipa ili waandikwe wana wa raia asiye baba yao, na majibu yao kuhusu kisima na jirani waliyakariri melini. Jalada la mtu kama huyo linaweza kueleza kwa ukamilifu kijiji kisicho chake. Jiwe la kaburi, mara nyingi, lilirudisha jina la kweli kwa Kichina, mahali ambapo ofisa wa uhamiaji hakuweza kusoma.

Jina la kijiji likishapatikana, ndipo vitabu vya nasaba, viitwavyo jiapu, huwa na faida. Vingi vilichomwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni kuanzia mwaka 1966, lakini vingine vilifichwa, na Maktaba ya Shanghai ina mkusanyo mkubwa sana. Koo nyingi zina shairi la vizazi, ambalo kila kizazi huchukua herufi moja na kuiweka katika majina ya wana wake, kwa hiyo wazee humweka mgeni kwenye kizazi chake kwa kusikia tu jina la babu yake. Anayefuata upande wa mama ajiandae kuvunjika moyo, kwani vitabu vya zamani mara nyingi viliandika wake kwa jina la ukoo walikotoka tu, na mabinti wengi hawakuandikwa kabisa. Hilo nalo lilistahili kutajwa.

Naomba, basi, mtakaporudia mada hii muwaelekeze wasomaji kwanza kwa wazee walio hai, kisha makaburini, na kwenye bahasha za barua za fedha zilizotumwa nyumbani, maana juu yake iliandikwa anwani ya kijiji. Tena wawaulize wazee jina la soko ambalo familia ilikuwa ikienda. Vijiji vyenye jina moja ni vingi, na mwenzangu tunapoandika haya ana vitatu vya kuchagua huko Meixian. Shangazi yake wa Port Louis, mwenye miaka tisini na kitu, amesema analikumbuka soko, ila anataka aulizwe ana kwa ana.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Mfasiri wa Kichina na Kiswahili