Risala ya vijana wa bondeni kwa mgeni rasmi: mto na bahari vipangwe pamoja

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, mtendaji wa kata, wajumbe wa mashina, wazee wetu, kina mama mlioanza kupika toka alfajiri, na nyie wengine mliokuja kwa ajili ya pilau tu tunawajua, shikamooni wakubwa na mambo zenu wadogo.

Tunashukuru sana kwa kufika. Kutoka mjini mpaka huku Magomeni bondeni sio mbali ila Jangwani unaijua mwenyewe, ikinyesha kidogo tu barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, watu wanavua viatu. Mungu kasaidia leo jua limewaka.

Sisi ni kikundi cha vijana wa usafi na mazingira, kazi yetu kuzibua mitaro na kubeba taka kwa mkokoteni, na leo tunafunga mafunzo ya uokoaji na kupeana taarifa za mafuriko kabla masika haijaanza. Risala tulipangiwa dakika kumi, mwenyekiti kasema tano, sasa tutaonana hukohuko mbele.

Mgeni rasmi, ukimaliza hapa tunaomba uingie nyumba yoyote ya mstari wa pili, wenyewe watakukaribisha. Mlangoni utakuta tofali za block zimepangwa tatu kwenda juu na kusakafiwa, lazima unyanyue mguu kama unapanda boti. Ndani kitanda kiko juu ya matofali, friji iko juu ya meza, soketi za umeme zimehamishiwa usawa wa kichwa, na ukutani kuna mistari ya tope kila mvua na wa kwake. Hakuna injinia aliyekuja kuwaelekeza, watu wamejipimia wenyewe na hela yao ya mboga. Tunaliweka hili mbele kwasababu kila kikao cha mafuriko tunachoitwa wanaanza na sisi wananchi kukosa elimu. Elimu ya maji tunayo jamani.

Na wala sio kwamba jiji halikuwa na mpango. Masta plani ya mwaka 1979 ilishasema hili bonde letu la mto Msimbazi ni eneo hatarishi, sio pa kujenga nyumba. Watu wakajenga, kodi za majengo na bili za umeme zikaletwa, shule zikajengwa, kura tukapiga humuhumu. Ikaja Desemba 2011, mvua ambayo wazee walisema hawajaiona kwa miaka mingi, watu zaidi ya 40 wakafa jijini, na waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji. Nia ilikuwa nzuri, ila mtu anayebeba mizigo Kariakoo unampeleka Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya kibarua, ndo mana wengine walirudi kimyakimya kupanga chumba hukuhuku kwenye maji. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 ndani ya Dar, na kila mmoja anatafuta chumba karibu na riziki yake, hilo hata ukipiga X nyekundu ya kubomoa kila ukuta halibadiliki.

Tukizungumzia X, ile sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito, sisi tunaiheshimu, tunaomba tu iwe na macho mawili. Huku bondeni inafika na greda, kule ufukweni inafika na barua. Hatumtaji mtu.

Sasa tuje kwenye mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, huu unaosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kwa ukweli huu tunaupokea kwa mikono miwili. Dola milioni 260, mkopo wa Benki ya Dunia milioni 200 na zilizobaki Uholanzi na Hispania, na safari hii sio kutimua watu tu, kuna kupanua na kuchimba mto huku chini, kunyanyua ardhi pembeni, daraja jipya la juu pale Jangwani, karakana ya mabasi kuhamishwa, na bonde kufanywa bustani ya jiji ambayo mvua ikija inaruhusiwa kujaa maji bila kuua mtu. Pia tunakumbuka kabla ya hapo vijana wa vyuo walipita mitaani na Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa, kuanzia 2015, wakichora mitaro na vichochoro vyetu pamoja na wenyeji, wakiuliza maji yalifika wapi, goti au kiuno. Ile kazi ilikuwa ya maana kuliko semina nyingi za hotelini.

Ila mgeni rasmi, kuna kitu bado kinatusumbua na ndicho kilichotuleta mbele yako. Tunaona mto una ofisi yake, bahari ina ofisi yake, taka zina ofisi yake, na maji yenyewe hayajui mipaka hiyo.

Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, unaingia baharini pale daraja la Salender. Wavuvi wanajua vizuri, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inakuja bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Mvua ikipiga Pugu usiku, maji yanashuka, yakifika Salender yakakuta bamvua imejaa yanakosa pa kwenda, mto unasimama halafu unarudi nyuma, na nyuma ndio sisi. Mvua ileile ikikuta maji yamekupwa unashangaa imepita salama. Sasa wataalamu wanasema bahari ya dunia imepanda kama sentimita 20 toka mwaka 1901, na kwa miaka ya karibuni ilikuwa inapanda milimita 3.7 kwa mwaka. Mtu anacheka, milimita tatu! Lakini lile lango la Salender linazidi kuwa jembamba kwa maji yanayotoka, na huo mto tunaochimbiwa leo kwa mabilioni utakuwa unamwaga kwenye bahari iliyo juu zaidi. Upande wa bahari tuliona ukuta wa kando ya barabara ya Barack Obama na ule wa Kigamboni karibu na chuo cha Mwalimu Nyerere, umekamilika 2018, umeokoa barabara kweli. Huku kwetu ukuta wa namna hiyo hausaidii, maji yanatujia kwa mlango wa nyuma.

Kwahiyo ombi letu la kwanza halina gharama. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo au tahadhari ya mvua kubwa, ile meseji ikifika kwenye grupu la WhatsApp la mtaa iwe na ratiba ya bamvua ya siku hiyo, saa ngapi bahari inajaa, ili mama ajue atoe watoto saa nane usiku au asubiri. Mwaka 2024 tulikuwa na mvua ambazo mpaka Aprili zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja mpaka Mafia, hatujui mwakani kitapita wapi.

La pili ni mchanga. Kingo zinamegwa huko juu Ulongoni, nyumba zinaondoka na mto, ule mchanga unakuja kulala Jangwani. Mto ukichimbwa mara moja mkakata utepe mkaondoka, baada ya masika chache utajaa tena. Tunataka bajeti ya kuchimba kila mwaka iandikwe kwenye halmashauri, na vibarua vianzie kwa vijana wa bonde, koleo tunazo.

Halafu vyoo. Tunaomba radhi kwa wanaokula. Mvua ikianza kuna watu wanatapisha vyoo, wanafungulia kinyesi kiende na maji, na siku ya tatu tunahesabu wanaoharisha. Tumewakemea, tumegombana, ila gari la majitaka haliingii vichochoroni na bei yake mpangaji haiwezi. Tuleteeni pampu ndogo za kusukuma kwa mkono kama mkokoteni, sisi tutaziendesha kwa bei ya mtaa.

Na pale palipobomolewa, waliolipwa wakaondoka, pasije pakaota fremu za biashara za wakubwa. Mikoko ya pale mdomoni Salender nayo ilindwe hivyohivyo, miche tunayo tayari ya kupanda.

Mgeni rasmi, tunahitaji majaketi ya kuokolea, kamba na spika ya kutangazia, orodha anayo katibu wetu na atakupa mkononi. Wahitimu wa mafunzo wako nyuma hapo na sare za kuazima, wanasubiri vyeti vyao.

Tunaomba kuwasilisha.