Maduka ya michezo ya kompyuta yasitufumbie habari za tulichokwisha kununua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona kuwa la watoto, ingawa linahusu fedha za watu wazima na haki ya mnunuzi juu ya kitu alichokilipia. Maduka yanayouza michezo ya kompyuta kwa njia ya intaneti yamejenga desturi ya kuwaarifu wateja kwamba siku fulani, saa fulani, kutakuwa na tangazo kubwa, kisha yananyamaza kimya hadi siku hiyo ifike. Wiki hii vijana wa mtaani kwetu wanasubiri tangazo la namna hiyo kutoka duka moja, na kila jioni wananiuliza mimi ninadhani litakuwa nini. Siwezi kuwajibu, na kutoweza huko kuwajibu ndiko kulikonifanya nikuandikie.

Sipingi hamu ya kusubiri. Mimi mwenyewe husubiri, kama wanavyosubiri mwezi uandame wale waliokwisha kushona nguo za sikukuu. Duka la Steam, ambalo ni la kampuni ya Valve ya Marekani, hufungua misimu yake ya punguzo la bei saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya nchi hiyo, na kwetu Afrika Mashariki wakati huo huwa saa mbili usiku katika kiangazi chao na saa tatu usiku katika majira yao ya baridi, kwa hiyo habari hutukuta tumekwisha kurudi kutoka kazini, tumekula, na kama umeme upo tumekaa mbele ya kompyuta. Nakumbuka Septemba 2013, Valve ilipoweka ukurasa wenye alama za duara na saa iliyokuwa ikihesabu kurudi nyuma. Watu wa mataifa mbalimbali walizichambua alama zile kama wanaosoma ramli, na wengi walitamani iwe habari ya mchezo wa Half-Life 3, kwa sababu kipande cha mwisho cha kisa kile kilitoka Oktoba 2007 na kiliwaacha katikati ya safari. Mafumbo yalifunguliwa tarehe 23, 25 na 27 za mwezi huo: yalikuwa mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioitwa SteamOS, kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machines, na kifaa cha mkononi cha kuchezea. Waliokuwa wakisubiri Half-Life walisononeka, lakini hakuna aliyepoteza chochote, kwa maana mchezo alioununua juzi uliwaka vilevile siku iliyofuata. Fumbo la namna hiyo halina ubaya wowote, na ningekuwa mchoyo kama ningewanyima watu furaha yake.

Ubaya unaanza pale fumbo linapogusa maktaba ya mteja, yaani ile orodha ya michezo aliyoilipia mwaka hadi mwaka. Hapo ndipo naomba wasomaji wako wakumbuke lililotokea katika duka la GOG mwaka 2010, kwa kuwa sijaona mfano mwingine unaofundisha zaidi.

GOG lilianzishwa mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt ya Warsaw, Poland. Liliuza michezo ya zamani iliyorekebishwa ili iweze kufanya kazi katika kompyuta mpya, na liliiuza bila kufuli la kidijitali. Mteja akishalipa, anapakua faili la kusakinisha, analihifadhi anapotaka, na baada ya hapo haombi tena ruhusa ya mtu kuucheza mchezo wake, hata kama intaneti imekatika. Kwa sifa hiyo duka lilipendwa mno na watu waliokwisha kuchoshwa na michezo inayodai kuwasiliana na seva ya mbali kabla haijafunguka. Sasa tazama kilichofuata. Septemba 19, 2010, waliofungua tovuti ya duka hilo hawakukuta michezo wala akaunti zao. Walikuta maelezo mafupi kwamba duka haliwezi kuendelea kuwa katika hali liliyokuwa nayo. Waliahidiwa kwamba utatafutwa utaratibu wa kuwawezesha kupakua tena michezo yao, lakini hawakuambiwa kama duka limekufa, limeuzwa au limeingia katika mikono ya wadai. Kwa siku kadhaa watu waliishi na maelezo hayo tu. Waliokuwa wamehifadhi mafaili yao walitulia. Waliokuwa wameliamini duka liwahifadhie, na hao ndio waliokuwa wamelithamini kuliko wengine, walikaa na hofu.

Siku chache baadaye wakuu wa duka walijitokeza mbele ya kamera wamevaa majoho ya watawa, wakaomba radhi, na wakaeleza kwamba duka halijafa ila limemaliza kipindi chake cha majaribio na linarudi na sura mpya pamoja na mchezo wa Baldur's Gate, ambao kwa hakika ulikuwa ukililiwa na wengi. Walieleza pia kwamba tovuti ilihitaji kuzimwa kwa sababu za kiufundi, nao wakaona waitumie nafasi hiyo kuvuta macho ya watu. Nawaamini katika maelezo hayo, na nakiri kwamba tangu wakati huo GOG limefanya mengi ya heshima. Novemba 2024 lilianzisha mpango wa kuhifadhi michezo ya zamani, ukianzia na michezo 100, ambao linaahidi kuifanyia matengenezo ili iendelee kufanya kazi katika kompyuta zijazo. Lakini siku zile za 2010 bado naziona kuwa kosa kubwa, kwa sababu hofu ya mteja juu ya mali yake ilitumika kama ngoma ya kuitia watu mnadani.

Kosa hilo lina uzito wa pekee kwetu sisi wa upande huu wa dunia, na jambo hili sijaliona likisemwa mara nyingi. Mtu wa Warsaw au Seattle mwenye intaneti ya faiba isiyo na kikomo anaweza kuihamisha maktaba yake yote katika diski ya nje kwa usiku mmoja au mbili. Mtu wa Mbagala, Kisauni au Bujumbura anayenunua bando kwa simu hawezi. Mchezo kama Cyberpunk 2077 unadai nafasi ya GB 70, na Baldur's Gate 3 unadai GB 150. Kwa mteja wa bando, kupakua mmoja tu kati ya hiyo ni bajeti ya mwezi mzima, tena aombe umeme usikatike na mtandao usilegee usiku wa manane. Ndiyo maana wengi wetu tunaiacha michezo kwa muuzaji, tukipakua mmoja, tukiumaliza, tukiufuta ili kupata nafasi, kisha tukipakua mwingine. Hatufanyi hivyo kwa uvivu. Tunafanya hivyo kwa sababu muuzaji alituambia kwamba mchezo utakuwepo wakati wowote tutakapouhitaji, na tulimlipa kwa kulisadiki neno hilo.

Yamewahi kunikuta mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mteja wa duka dogo ambalo sitalitaja jina. Kwanza lilitutumia ujumbe wa kutuomba tukae tayari kwa habari njema za hatua yake mpya, na nikafurahi, nikawaambia hata wenzangu wajiunge. Habari zilipokuja zilikuwa za kufunga, na tukapewa wiki mbili. Wakati huo nilikuwa natumia modemu ya kuchomeka, na pamoja na kukesha na kukopa fedha za bando kwa kaka yangu, niliokoa michezo mitatu kati ya kumi na mmoja. Fedha zilizopotea hazikuwa nyingi. Kilichoniuma ni kwamba wiki zile za kusubiri habari njema zingenitosha kabisa kuokoa yote, laiti ningeambiwa ukweli tangu ujumbe wa kwanza.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Nintendo ilipoamua kuyafunga maduka ya mashine zake za michezo za Wii U na 3DS ilitangaza Februari 2022, na maduka yakafungwa Machi 27, 2023, zaidi ya mwaka mzima baadaye, huku waliokwisha kununua wakiruhusiwa kuendelea kupakua. Microsoft nayo ilitoa taarifa Agosti 2023 kwamba duka la mashine yake ya Xbox 360 lingefungwa Julai 29, 2024. Google ilitoa muda mfupi kwa wateja wa Stadia, huduma yake ya kucheza michezo moja kwa moja kupitia intaneti, kuanzia mwisho wa Septemba 2022 hadi Januari 18, 2023, lakini iliwarudishia fedha za michezo waliyoinunua. Kufunga duka lolote huumiza, na sisemi kwamba muuzaji alazimishwe kufanya biashara milele. Nasema tu kwamba hawa walisema mapema, wakasema kwa lugha ya kueleweka, na hakuna aliyehitaji kutegua kitendawili ili ajue kama maktaba yake iko salama.

Maduka haya pia husikia yanapoambiwa. Mwishoni mwa Machi 2021 Sony ilitangaza kuyafunga maduka ya mashine zake za PlayStation 3, PSP na Vita. Wateja walilalamika, na Aprili 19 kampuni ikakiri kwamba uamuzi ule haukuwa sahihi na ikaacha maduka ya PlayStation 3 na Vita yaendelee. GOG lenyewe, lilipotangaza mapema mwaka 2014 kwamba baadhi ya michezo mipya ingeuzwa kwa bei tofauti kulingana na nchi ya mteja, lilikutana na upinzani wa wateja wake na likarudi nyuma wiki chache baadaye. Kwa hiyo si kweli kwamba malalamiko yetu ni kelele za chura zisizomzuia ng'ombe kunywa maji. Shida yetu ni kwamba sauti za Afrika Mashariki hazijasikika katika mambo haya, kwa kuwa hatujaziandika.

Ninachokidai kinaweza kuandikwa katika sentensi moja ndani ya ujumbe wowote wa duka lolote: pale linapotangaza kwamba kuna tangazo linakuja, liseme papo hapo kama tangazo hilo litagusa au halitagusa michezo ambayo wateja wamekwisha kuinunua. Likisema halitagusa, basi na liweke mafumbo mengi kadiri lipendavyo, nasi tutayategua kwa furaha. Likisema litagusa, lieleze ni kwa namna gani, na litoe muda unaopimwa kwa mteja mwenye intaneti dhaifu kuliko wote, si kwa mwenye intaneti bora. Sidhani kama miezi sita ni mingi kwa mtu anayepakua kwa bando.

Kwa upande wa serikali, naomba Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji nchini Tanzania, iliangalie suala hili. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliweka wajibu wa kodi kwa wauzaji wa huduma za kidijitali walio nje ya nchi, maana yake tumekwisha kukubali kisheria kwamba biashara hii inafanyika hapa. Kama inafanyika hapa kwa ajili ya kodi, ifanyike hapa pia kwa ajili ya haki ya mnunuzi. Jimbo la California, ambako kampuni nyingi za michezo zina makao, limepitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inayomtaka muuzaji asitumie neno la kununua bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni ya matumizi tu, isipokuwa kama bidhaa inaweza kupakuliwa na kutumika bila muuzaji kuweza kuiondoa. Steam lilianza kuonyesha maelezo ya namna hiyo mahali pa kulipia hata kabla sheria haijaanza kufanya kazi. Sioni kwa nini mteja wa Dodoma au Nairobi asistahili kuelezwa hivyo, kwa Kiswahili, kabla hajabonyeza kitufe cha kulipa.

Nawaomba pia wachezaji wenzangu, hasa vijana ambao kadi ya kulipia ni ya mzazi au mjomba, wasingoje tangazo ndipo waanze kuhangaika. Waifungue maktaba yao leo, waone ni michezo ipi inayotoa faili la kusakinisha lisilohitaji akaunti, na waanze na hiyo, wakitanguliza ile midogo ya zamani ambayo haimalizi bando. Jumamosi hii mimi na vijana saba wa mtaani tumekubaliana na mwenye banda la michezo lililounganishwa faiba atuachie kompyuta zake kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Kila mmoja atakuja na diski yake ya nje na kuchangia umeme wa Luku. Tangazo tunalolisubiri ni la wiki ijayo, na hadi ninapoandika barua hii duka halijasema kama linahusu michezo yetu au la.

Mpenzi wa michezo ya kompyuta,
Temeke, Dar es Salaam.