Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Nia ya Kiongozi na Kufuli Tatu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mzunguko huu atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja lisilo na safu daftarini: kwa nini mtu anautaka uongozi. Leo tunachagua kamati mpya, kwa hiyo si swali la mapambo.

Kikundi cha kuweka na kukopa chenye watu 15 hadi 30 hakihitaji msemaji hodari. Kinahitaji mtu anayejua anatumikia nini, maana kazi zenyewe ni ndogo na zinachosha. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio wa kamati, na wasiwe wa nyumba moja. Mweka hazina hulala na sanduku bila ufunguo wowote. Wahesabu fedha wawili huhesabu mbele ya watu. Salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii hutangazwa, wote tunalikariri, na kikao kijacho tunaulizana kabla ya kuhesabu upya. Mwenye nia haruki hatua hiyo hata mvua ikitanda. Mwenye kutaka cheo huiruka, kwani haina sifa ndani yake.

Uharibifu huanzia hapo. Mshika ufunguo anasafiri, ufunguo "unaazimwa", na vikao vitatu baadaye funguo zote zimo mfuko mmoja. Mkopo unatolewa nje ya kikao kwa aliyefiwa, ilhali mfuko wa jamii ndio uliowekwa kwa misiba. Kiongozi anakopa hadi kikomo, mara tatu ya hisa zake, anachelewesha marejesho na hatozwi faini. Tangu hapo hana kinywa cha kumdai mwenzake. Watu huuita wizi. Mara nyingi ulianza kama huruma.

Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, akamwachia Rashidi Kawawa ili yeye akaijenge TANU. Aliijua kazi aliyoitaka, na kiti hakikuwa kazi hiyo.

Basi kila mgombea ajibu maswali mawili kabla ya kura. Mzunguko ukivunjwa, yaani siku ya kugawana akiba zetu, nini kitakuwa kimebadilika? Nani utakuwa umemfundisha kazi yako? "Nitawatumikia wote" si jibu. "Kila asiyejua kusoma ataweza kuhesabu mwenyewe mihuri ya hisa kitabuni mwake" ni jibu, kwa sababu tutakifungua kitabu tuone.

Swali la pili linamhusu katibu kuliko wote. Daftari linaloandikwa na mtu mmoja tu hulala siku akiugua, na madeni hulala nalo. Napendekeza msaidizi aandike kila kikao cha nne, katibu akiwa pembeni kusahihisha.

Kura zikishahesabiwa, washika funguo wa zamani wasimame, wafungue sanduku mara ya mwisho, fedha zihesabiwe, ndipo kila ufunguo ukabidhiwe mkononi mwa mshika ufunguo mpya.