Mwanao mwenyewe, na bado ni kesi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wenu aliyeandika kwamba mzazi hawezi kumwiba mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nami nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa sauti, usiku ule nilipomtoa dada yangu Dallas, jimbo la Texas, kumleta kwangu Minneapolis, Minnesota, huku huku Marekani. Ni barabara moja tu, I-35. Mwanawe wa miaka mitano alilala kiti cha nyuma, kakumbatia begi la shule. Tulipovuka mpaka wa Texas kuingia jimbo la Oklahoma dada akaniambia, "Kaka, sasa napumua." Alikuwa akipigwa, na hilo ukoo mzima tulilijua.

Shemeji alikuwa ameshafungua kesi ya talaka. Karatasi dada alizipokea wiki mbili kabla, akazitia mkobani. Mimi niliziona baadaye, bado zimekunjwa. Ndani mlikuwa na amri kwamba mtoto asitolewe Texas bila idhini ya mahakama. Katika baadhi ya kaunti za huko amri ya namna hiyo hutoka yenyewe kesi ya talaka inapofunguliwa.

Wiki ya tatu akapiga simu mpelelezi, mpole kabisa, akiuliza jina langu linaandikwaje.

Kosa lenyewe sheria ya Texas inaliita kuingilia haki ya malezi, na adhabu yake ni siku 180 hadi miaka 2 jela, na faini inaweza kufika dola 10,000. Kuna wanaojitetea kwamba sheria ya utekaji ya serikali kuu, ile ya 1932, haimgusi mzazi. Ni kweli haimgusi, lakini majimbo yana sheria zake. Ile ya 1980 yenye jina la kutisha, ya kuzuia utekaji unaofanywa na wazazi, haimfungi mtu. Kazi yake ni kuyalazimisha majimbo yaheshimu amri za malezi za mengine. Na jimbo lenye neno ni lile alikoishi mtoto miezi sita kabla ya kesi kufunguliwa. Kwetu sisi lilikuwa Texas, hata hakimu wa Minnesota angetuhurumia vipi.

Mwaka 1987 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya baba aliyewachukua wanawe kwenye kituo cha basi la shule Louisiana, akarudi nao California. Amri ya mahakama ya California iliyompa watoto alikuwa nayo. Louisiana ikamshtaki kwa utekaji, na Mahakama Kuu ikasema California imkabidhi tu. Kama hana hatia, akajitetee huko huko Louisiana.

Mama yetu aliyeko Tanga alitaka tumpeleke mjukuu kwake mpaka mambo yapoe. Mara hiyo moja hatukumsikiliza. Kumtoa mtoto nje ya Marekani ili kumnyima mzazi mwenzio haki yake ni kosa la serikali kuu tangu 1993, kifungo hadi miaka 3.

Kinachoniuma ni kwamba njia ilikuwapo. Mzazi aliyekimbia kipigo anaweza kwenda mahakama ya jimbo alikofikia na kuomba amri ya dharura. Ni ya muda, na mahakimu wa majimbo yote mawili watazungumza, lakini inamlinda mtoto na kuonyesha kwamba mama hakujificha. Asubuhi ile tulipofika, mahakama ilikuwa dakika kumi kutoka kwangu. Sisi tulikaanga vitunguu vya pilau ya kumkaribisha, na wageni wakawa wanaingia mmoja mmoja kumwambia dada amefanya vizuri, mwana ni wa mama.

Mashtaka ya jinai wakili aliyamaliza, kwa pesa ambazo bado nalipa. Hakimu wa talaka ndiye hakuisahau safari yetu. Mtoto yuko kwa baba yake. Dada humwona Jumamosi, saa mbili tu, mbele ya msimamizi mwenye daftari.

Mjomba wa mtoto,
Minneapolis, Minnesota