Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: umri pekee usiwanyime wazee tiba ya mzio

Ndugu Mganga Mkuu,

Mzee anayepiga chafya kila alfajiri, pua imeziba na macho yanawasha, mara nyingi hutoka duka la dawa na Piriton. Katika umri wake dawa hiyo yaweza kumdhuru kuliko chafya zenyewe: humsinzisha mchana, humvuruga akili, humwangusha akienda chooni usiku, na mwenye tezi dume iliyokua anaweza kuziba mkojo kabisa. Setirizini au loratadini, pamoja na steroidi ya kupuliza puani, ndizo za kuanzia. Zisipotosha, ipo tiba ya kuuzoesha mwili kile unachokikataa, kwa sindano au vidonge vya dozi ndogo ndogo, iliyotangazwa London mwaka 1911. Tunaomba Mwongozo wa Matibabu wa Taifa uitaje wazi kwa wazee.

Kinachowakwamisha ni hesabu ya miaka. Nchini Marekani vidonge vya tiba hii kwa mzio wa utitiri wa vumbi (vijidudu visivyoonekana kwa macho vya kwenye vumbi la nyumbani), vinavyowekwa chini ya ulimi, vimeidhinishwa hadi umri wa miaka 65, kwa kufuata umri wa waliojaribiwa. Huko Poland, wagonjwa wa miaka 60 na zaidi wenye mzio wa utitiri walitibiwa kwa miaka 3 wakapata nafuu. Majaribio ya namna hiyo ni machache, tunakiri, lakini uchache wake si sababu ya kufunga mlango.

Utambuzi ndio unaoharibika kwanza. Wazee wengi wana mafua yasiyo ya mzio, yaletwayo na moshi wa kuni, baridi, hata baadhi ya dawa za presha. Kuwachoma sindano za mzio ni kupoteza fedha. Ngozi ya mzee nayo, ikidungwa kidogo kwa tone la kinachoshukiwa ili kupima mzio, hujibu kwa uvivu. Tone la histamini la kulinganishia (kemikali ambayo huvimbisha ngozi ya kila mtu) lisipovimba angalau milimita 3, jibu la "hana mzio" halina maana, na apimwe IgE, kingamwili ya mzio, kwenye damu. Dawa za aleji aziache siku 5 hadi 7 kabla ya kipimo cha ngozi. Kwa ukanda wetu wa joto, utitiri aina ya Blomia tropicalis upimwe pamoja na ule wa Dermatophagoides, kwa kuwa dawa ya utitiri mmoja haimfai sana mgonjwa wa mwingine.

Pili, dawa anazotumia tayari. Anayetumia atenolol au propranolol, dawa za presha na moyo, akipata mshtuko wa mzio kutokana na sindano, adrenalini, dawa ya dharura ya mshtuko huo, inaweza isimsaidie inavyotakiwa. Daktari wake wa moyo aulizwe kama dawa hiyo inaweza kubadilishwa, tena polepole, kwani kuikatisha ghafla ni hatari nyingine. Kliniki iwe na glukagoni, dawa ya kumsaidia mgonjwa huyo adrenalini ikishindwa, miligramu 1 hadi 5 za mshipani, zikisukumwa taratibu kwa dakika 5. Pumu isiyotulia ni kizuizi cha kweli: apulize kipimo cha pumzi kabla ya kila sindano, na kikiwa chini ya kawaida yake, siku hiyo asichomwe.

Sindano huwa za kila wiki kwa miezi 3 hadi 6 dozi ikipanda, kisha kila mwezi kwa miaka 3 hadi 5. Kila mara mgonjwa asubiri dakika 30 mbele ya muuguzi, hata akisema daladala inamwacha. Adrenalini ichomwe kwenye msuli wa paja kwa nje, miligramu 0.5, irudiwe baada ya dakika 5 ikibidi. Kosa tunaloliogopa zaidi ni kushika chupa ya dozi kali badala ya iliyozimuliwa. Vifuniko vya rangi tofauti na watu wawili kusoma lebo hulizuia. Chupa zikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, na zilizoganda zitupwe.

Tunaomba basi kipengele cha wazee kiandikwe kwa kuangalia moyo, mapafu na dawa, si tarehe ya kuzaliwa, na kliniki isiyo na adrenalini na glukagoni isiruhusiwe kuanzisha tiba hii. Rasimu tunaweza kuileta kwenye kamati ya mwongozo mtakapotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wahudumu wa kliniki za mzio