Asante, kaka wa Mombo

Kaka uliyetukuta kando ya barabara pale Mombo usiku, tukienda Moshi kula Krismasi: sikukuuliza jina, na inaniuma mpaka leo. Pikapu yetu, ikivuta tela, ilichemsha Chalinze, ikachemsha tena Segera, na kote tuliambiwa tuongeze maji tu. Wewe ulishika mpira wa juu wa rejeta, wa moto; wa chini, baridi. Ukasema themostati, kile kifaa kinachofunguka kupitisha maji ya kupoza injini, imegoma kufunguka, maji hayazunguki, na uzito wa tela unazidisha joto. Ulisubiri injini ipoe, ukaitoa hiyo themostati kwa mwanga wa simu, mama akikushikia spana. Hela ulikataa kabisa. Ulikubali chai tu. Tulifika alfajiri, watoto wamelala fofofo. Mungu akubariki sana, kaka yangu.